Kutoka Kariokor hadi New York: Jinsi mitaa ya Eastlands ilivyopima umbali

UKIMUULIZA mkazi wa Kayole ni umbali gani kutoka kwake hadi katikati ya jiji, hatakutajia kilomita. Atakwambia, "Kama hakuna jamu ni nusu saa, jamu ikiwepo, usiniulize." Jibu hilo si la uvivu wala si dalili ya kutojua hesabu. Ni jibu la Kiswahili hasa. Kamusi zetu zina maneno umbali na masafa, lakini msemaji wa kawaida tangu zamani amependelea neno mwendo: mwendo wa siku mbili, mwendo wa mchana mmoja, mwendo wa kuvuta sigara moja. Nchi aliipima kwa muda ambao mwili wake ungechukua kuivuka.

Wiki jana mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza ni umbali gani kutoka Nairobi hadi New York na ndege huchukua muda gani. Nilimjibu kwamba ni karibu kilomita 11,800, na ndege ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Jibu lile ni sahihi, ila ni jibu lenye umri wa miaka michache tu. Kabla yake palikuwa na majibu mengine, na kwa bahati nzuri majibu hayo yote yamezikwa mahali pamoja. Yapo Eastlands, katika majina ya mitaa ambayo makanga huyataja kila asubuhi bila kujua kwamba anasoma kitabu cha historia kwa sauti.

Tuanze na Kariokor. Jina hili, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume hawa walitembea. Waliwafuata askari kuingia iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, wakiwa na magunia ya unga na masanduku ya risasi kichwani, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Kwao umbali ulikuwa posho: chakula cha siku moja kilipimwa kikapewa mtu mmoja kwa mwendo wa siku moja. Neno hilo posho tunalo hadi leo, tunaliona kwenye vibao vya vinu vya kusagia unga kuanzia Dandora hadi Mukuru, na wabunge wetu nao wana posho yao, ingawa sijapata kuona mbunge aliyeibeba kichwani.

Wapagazi wa vitani walikuwa warithi wa kazi ya zamani zaidi. Kabla ya reli, msafara kutoka Mombasa hadi Uganda ulichukua karibu miezi mitatu. Ndipo tulipopata msamiati wa kambi, kituo, msafara na safari yenyewe, neno la asili ya Kiarabu ambalo dunia nzima imeliiba na kulifanya la kutazamia simba.

Reli haihitaji maneno mengi hapa, kwa kuwa imeandikwa sana. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na Ziwa Viktoria mwaka 1901. Miezi mitatu ikawa siku chache. Eastlands ikapata tabaka lake la pili la majina: Muthurwa, Landimawe, Makongeni, mitaa ya watu wa reli na nyumba zao zilizoitwa landi. Mtoto wa Makongeni alijua kwamba Mombasa ni usiku mmoja. Unalala Nairobi, unaamka na minazi.

Tabaka la tatu ni Eastleigh, ambayo Sheng imeifanya Isich na wengine wetu tunaiita Islii. Leo ukilitaja jina hilo, watu huwaza maduka ya nguo, pilau na biashara isiyolala. Wazee wanakumbuka kwamba Eastleigh ndiyo iliyokuwa eapoti. Kiwanja cha kijeshi kilichokuwa hapo, ambacho leo ni kambi ya jeshi letu la wanahewa, ndicho kilichopokea ndege za abiria za kimataifa hadi mwaka 1958. Hata jina la Malkia Elizabeth limo katika historia hiyo. Akiwa bado binti mfalme, aliondoka London tarehe 31 Januari 1952, ndege ikatua kuongeza mafuta huko El Adem, Libya, na kesho yake akashuka Eastleigh. Siku chache baadaye babake alifariki, naye akarejea kwao akiwa malkia, safari hii kupitia Entebbe.

Safari hiyo ya usiku mmoja ilikuwa muujiza kwa watu waliokumbuka miaka ishirini kabla yake. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha huduma kutoka London hadi Mwanza, na mwaka uliofuata ikaifikisha Cape Town. London hadi Cape Town ilikuwa takriban siku 11. Ndege haikuruka usiku. Abiria walilala hotelini njiani, wakabadilisha vyombo, na kwa sehemu ya Ulaya wakapandishwa garimoshi. Walisafiri kwa ndege kama vile mababu zetu walivyosafiri kwa miguu, kituo hadi kituo, kambi hadi kambi.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana Kiswahili kilifanya jambo ambalo halisifiwi vya kutosha. Chombo hiki kipya kilipotujia, lugha haikubabaika. Ilitazama baharini. Rubani alikuwa mtu anayeongoza jahazi lipite salama kati ya miamba. Akapandishwa angani bila kubadilishwa jina. Abiria alikuwa mtu wa chomboni, na kitenzi kuabiri kilikuwa cha kupanda chombo hicho. Nauli ilikuwa malipo ya jahazi. Shehena ilikuwa mzigo wa jahazi. Chombo chenyewe tu ndicho kilichopata jina la nchi kavu, ndege, na jina hilo lilikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kufundishwa. Eropleni ilijaribu kushindana nalo kwa muda, ikashindwa. Mtu wa Umoja anapolalamikia nauli ya matatu asubuhi, anatumia neno la nahodha wa Lamu. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kisasa bila kukopa kila siku wangefaa kupewa somo hili kwanza, ndipo tujadiliane.

Eastleigh ilizidiwa. Ndege zilikua, nacho kiwanja kilikuwa kimebanwa na mitaa. Tarehe 2 Mei 1952, shirika la BOAC lilipoanzisha huduma ya kwanza duniani ya ndege za jeti kwa abiria, kutoka London hadi Johannesburg kwa ndege aina ya Comet, njia ilipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Nairobi, mji mkuu wa walowezi, iliachwa. Entebbe ilipata jeti, Nairobi ikapata wivu. Serikali ya kikoloni ikaamua kujenga uwanja mpya katika uwanda wa Embakasi, mashariki zaidi.

Nani aliujenga? Swali hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika vitabu vya watalii utasoma kwamba uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958 na Gavana Evelyn Baring. Kufungua si kujenga. Aliyejenga ni mfungwa. Miaka ya Hali ya Hatari, gereza la Embakasi lilijazwa watu waliohukumiwa kwa makosa ya Mau Mau, na kazi ya kuchimba, kupasua mawe na kusawazisha ardhi ile nyeusi ya mfinyanzi ilifanywa kwa mikono yao, chini ya ulinzi wa bunduki. Mwanahistoria Caroline Elkins ameeleza mateso ya kazi hiyo katika kitabu chake kuhusu vizuizi vya Kenya kilichotoka mwaka 2005. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo hawakutoka wakiwa hai.

Tuiweke habari hii katika ramani ya Eastlands. Tarehe 24 Aprili 1954, jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa iliyopekuliwa nyumba kwa nyumba ni mitaa ileile tunayoijua: Bahati, Pumwani, Kariokor, Ziwani, Shauri Moyo, Makongeni. Wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakakalishwa chini, wakachujwa, wakapakiwa kwenye malori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia vizuizini, wengi wakipelekwa Mackinnon Road na Manyani. Neno la wakati ule lilikuwa kuchujwa, na wazee walilitamka kama unavyotamka jina la ugonjwa. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo nusu ya mitaa ya Eastlands ilikuwa imepokonywa wanaume wake, mwisho wa mashariki wa mji palikuwa na wanaume wengine wenye minyororo, wakiupunguza umbali kati ya Nairobi na London kwa sururu.

Wapagazi wa Carrier Corps, pamoja na yote waliyotendewa, wana sanamu ya shaba katika Barabara ya Kenyatta. Nimeutumia uwanja wa Embakasi mara nyingi sana katika kazi yangu. Katika kupita huko kote macho yangu hayajapata kuangukia kibao kinachowataja wafungwa wale. Mambo ya namna hii hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji sentensi mbili zilizochongwa kwenye jiwe, na zingeweza kuchongwa kwa Kiswahili.

Sasa tazama jinsi historia inavyocheka. Mwaka mmoja tu baada ya uwanja kufunguliwa, na Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa, ndege moja ya kukodi iliondoka Nairobi mnamo Septemba 1959 ikiwa na vijana 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Aliyeipanga safari hiyo alikuwa Tom Mboya, mtu ambaye aliwahi kuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na ambaye mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi East. Nguvu yake ya kisiasa ilikuwa mitaa hii. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa kama bunge kabla ya bunge.

Kikwazo cha vijana wale hakikuwa alama za mtihani wala nafasi katika vyuo. Wengi walikuwa tayari na barua za kukubaliwa na hata ufadhili. Kikwazo kilikuwa nauli. Tazama neno hilo tena. Kijana angeweza kusomeshwa bure miaka minne huko New York, na asiweze kufika New York. Wazazi waliuza ng'ombe, vijiji vikaandaa karamu za chai na dansi za kuchangisha, na huko Marekani watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kutafuta pesa za kukodi ndege. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa mchango mkubwa. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki na majirani zake walikuwa wamevushwa. (Eti Barack Obama mkubwa alikuwa ndani ya ndege ile ya kwanza? Hapana. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia yake, lakini hadithi hiyo imekataa kufa.)

Safari yenyewe haikuwa saa 15. Ndege za mapangaboi hazikuweza kuvuka masafa yale kwa tangi moja. Wangari Maathai, aliyeondoka katika kundi la mwaka 1960, amesimulia katika tawasifu yake vituo walivyotua njiani: Libya, Luxembourg, Iceland, kisha kisiwa cha Newfoundland, ndipo New York. Watoto waliokuwa hawajawahi kupanda ghorofa walionyeshwa jangwa, theluji na bahari katika safari moja. Nadhani kizazi kile kilikuwa na bahati ambayo wasafiri wa leo hawana: kilijua kwamba New York ni mbali, kwa kuwa kilipita kila mahali palipo kati.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilipata jeti aina ya Comet mwaka 1960 na VC10 mwaka 1966. Sisi tuliokuwa watoto Jericho mwishoni mwa miaka ya sitini tuliijua VC10 kwa mngurumo wake kabla ya kuiona, na aliyekosea alicheka mwenyewe kabla ya kuchekwa. Mwaka 1977 shirika hilo likavunjika pamoja na Jumuiya, Kenya Airways ikazaliwa. Mwaka 1978 jengo jipya la abiria likafunguliwa upande wa pili wa njia ya kurukia, na baada ya kifo cha Mzee Kenyatta mwaka huohuo uwanja ukapewa jina lake. Watu wa mitaani wanasema Embakasi hadi leo, au kwa mkato, Embaka.

Ilibidi tungoje hadi tarehe 28 Oktoba 2018 ndipo ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iondoke Nairobi kwenda New York bila kutua popote. Ruhusa ya Marekani kuhusu viwango vya usalama wa anga ilikuwa imepatikana Februari 2017. Kwenda ni takriban saa 15, kurudi ni kama saa 14. Wengi huuliza tofauti hiyo inatoka wapi ilhali umbali ni uleule. Inatokana na upepo. Juu sana, katika maeneo ya kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali itokayo magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unashindana nayo, ukirudi inakusukuma. Mabaharia wetu wa kaskazi na kusi wasingehitaji kuelezwa mara mbili.

Kuna jambo jingine linalohusu ardhi yetu. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 hupata taabu kunyanyuka katika hewa nyepesi, hasa jua likiwa kali. Ndiyo maana njia ya kurukia ni ndefu, zaidi ya kilomita 4, na ndiyo maana ndege za masafa marefu hupenda kuondoka usiku kukiwa na ubaridi.

Kuondoka usiku kumetuletea tatizo la lugha. Kwa mujibu wa ratiba ya mwanzo, ndege hiyo iliondoka 23:25, yaani saa tano na dakika ishirini na tano usiku, na kufika New York 06:25, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Ukihesabu kwa vidole utapata saa saba. Saa nane nyingine zimemezwa na jua, kwa sababu katika majira yao ya baridi Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane. Jambo hilo mtu huelewa akieleweshwa. Lisilosameheka ni tiketi. Jirani mmoja wa kule Umoja aliandikiwa kwamba binti yake anaondoka 02:00. Akasoma saa mbili, akafikiri ni saa mbili asubuhi, familia nzima ikafika uwanjani alfajiri na maandazi kwenye kikapu. Ndege ilikuwa imeondoka saa nane usiku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa ya tiketi huanza usiku wa manane. Haikosei hata mmoja, ila nauli haikurudishwa.

Na hapa nitawaudhi baadhi ya wasomi wenzangu. Tumewapigia kelele miaka mingi vijana wa Eastlands wanaosema masaa. Tunawaambia saa ni nomino ya ngeli ya I-ZI: saa moja, saa nyingi. Ni kweli. Lakini hebu wasikilizeni vizuri. Anayesema "nilifika saa tatu" anataja wakati. Anayesema "nilikaa kwa jamu masaa matatu" anataja muda. Kiswahili sanifu kina umbo moja kwa mambo mawili, na mtaa umeyatenganisha. Katika maandishi bado nitamsahihisha mwanafunzi aandike muda wa saa tatu. Katika basi sitamsahihisha mtu, kwa sababu kwenye basi utata wa saa una gharama.

Mabasi ya nambari 34 yanaondoka katikati ya jiji, yanapita Eastlands, yanaishia uwanja wa ndege. Siku mbaya, abiria wa basi hilo hutumia muda mrefu zaidi ya ule ambao ndege hutumia kufika Mombasa. Wengi walio ndani wanaenda kazini: wapakiaji wa mizigo, wafagiaji, wapishi, walinzi, wasichana wa kufunga maua ya kusafirishwa Ulaya. Nyumba za Pipeline zinakaribia kugusana na ua wa uwanja, na watu wanaanika nguo huku magurudumu ya ndege yakipita juu yao. Wazazi wao walisema mtu amekwenda ng'ambo, neno la kuvuka maji. Wao wanasema amekwenda majuu, neno ambalo mtu hulibuni akiwa chini, ametazama juu. Na ukimuuliza kijana wa Pipeline New York ni umbali gani, hatataja kilomita 11,800 wala saa 15. Ataanza kuhesabu tangu siku aliyojaza fomu za viza, siku ya mahojiano Gigiri, miezi ya kungoja jibu, kisha fomu nyingine.